Kioo rejea cha basalti hakitoshi kusahihisha vipimo vya obsidiani

SWALI: Ninasoma shahada ya uzamili ya jiolojia. Nimepima isotopu za oksijeni (atomi za oksijeni zenye uzito tofauti) katika obsidiani, yaani kioo cha asili cha volkano, ya Eburru, karibu na Naivasha, kwa spektromita ya ayoni, nikasahihisha matokeo kwa kioo rejea kimoja cha basalti, yaani kioo ambacho thamani yake halisi inajulikana. Thamani zangu zinapishana sana na za maabara nyingine iliyopima obsidiani hiyohiyo kwa leza na florini, njia inayoitoa oksijeni kwenye kipande kabla ya kuipima. Nimekosea wapi?

JIBU: Yamkini mashine yako haina kasoro, tatizo liko kwenye kioo rejea ulichokichagua. Mkondo wa ayoni za sesi ambao mashine huurusha unapochimba kioo, oksijeni 16 na oksijeni 18 hazifiki kwenye kihesabio kwa uwiano uleule zilionao ndani ya sampuli. Ukubwa wa upendeleo huo hutegemea namna ulivyoitega mashine siku hiyo, na pia elementi zinazoizunguka oksijeni: silikoni, alumini, chuma, sodiamu. Basalti ina silika ya takriban asilimia 50, ilhali obsidiani yako inapita 70, kwa hiyo upendeleo ulioupima kwenye basalti si wa obsidiani, na tofauti yake inaweza kufikia permili (sehemu katika elfu) kadhaa.

Tuchukue namba za mfano tu, zinazoonyesha kwa permili jinsi uwiano wa oksijeni 18 kwa oksijeni 16 unavyoupita ule wa kiwango rejea cha maji ya bahari. Kioo cha basalti chenye silika asilimia 50 na thamani halisi ya 5.5 kimesomeka 2.0, cha rioliti chenye asilimia 75 na thamani halisi ya 7.0 kimesomeka 6.0. Gawanya 1000 jumlisha thamani iliyosomeka kwa 1000 jumlisha thamani halisi, kisha chora logi ya jibu dhidi ya silika. Sampuli ya asilimia 60 iliyosomeka 4.0 itatoa 6.5 ukifuata mstari huo, lakini itatoa 7.5 ukitumia basalti peke yake. Permili moja si jambo dogo: basalti za migongo ya bahari zina takriban 5.5, na ongezeko la aina hiyo lingekushawishi kuandika kwamba magma imeyeyusha miamba ya ukoko wa dunia, hali haikufanya hivyo.

Mstari wa nukta mbili nimeutumia kwa maelezo tu. Katika kazi yenyewe tumia vioo vinne au vitano. Vile vya mfululizo wa vioo rejea uitwao MPI-DING, vilivyotengenezwa kwa kuyeyusha miamba ya asili, vinaanzia komatiiti, yenye silika kidogo (GOR132-G), vinapita andesiti (StHs6/80-G) hadi rioliti ya Iceland (ATHO-G). NIST SRM 610, kioo rejea cha taasisi ya viwango ya Marekani, usiitegemee hapa, kwa kuwa ni kioo cha kutengenezwa chenye soda na chokaa nyingi, ambacho hakifanani na mwamba wowote wa volkano.

Hata hivyo, kwa Eburru silika peke yake haitoshi. Obsidiani hiyo ni ya aina ya pantelleriti: chuma na soda ni nyingi, alumina ni haba kuliko katika ATHO-G, hata pale silika zinapokaribiana. Pima muundo wa kila kipande kwa maikroprobu ya elektroni (kifaa kinachopima elementi za doa dogo) kando kabisa ya shimo la ayoni, si kwenye kipande jirani, ukiepuka nyufa na fuwele ndogo za feldspa. Kisha angalia kama mabaki ya mstari wako, yaani umbali wa kila nukta kutoka kwenye mstari, yanafuata chuma au sodiamu. Yakifuata, ingiza elementi hiyo katika mlinganyo, na kosa la mlinganyo ulibebe hadi kwenye thamani ya mwisho.

Mstari wa siku moja usiutumie siku nyingine. Mimi nimewahi kurudia kazi ya siku mbili kwa kuupuuza ushauri huu. Rudia kioo rejea kila baada ya vipimo kumi hivi, ili uone mapema mteremko wa mashine, yaani usomaji wake unavyohama polepole.

Njia iliyo bora kwako iko karibu: iombe maabara ile mabaki ya obsidiani waliyoipima. Yapachike kwenye kidonge kimoja cha resini na sampuli zako, hakikisha kwamba yana thamani ileile kila mahali unapoyapima, kisha yafanye kioo rejea chako. Kipande cha pili kilichopimwa vilevile kiache nje ya mlinganyo, ukitumie kuujaribu.