Mapato na matumizi ya kijiji: una haki ya kusomewa

Dada yangu wa Sikonge, umeuliza kama ni kweli hesabu za michango ya choo cha shule ni za kamati tu. Si kweli hata kidogo. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya Tanzania, Sura ya 287, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya juu, na mjumbe wake ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Huhitaji kuwa na cheo. Mkutano huo unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi husomwa.

Ila kusomewa jumla peke yake hakutoshi. Huku kwetu Uyui tulisomewa "saruji, mifuko 60" tukapiga makofi. Mama mmoja wa jirani akasimama, mtoto mgongoni, akaomba stakabadhi zipitishwe mkono kwa mkono. Tukahesabu: mifuko 42. Iliniuma sana, maana wengine walichangia kwa kuuza mahindi ya chakula.

Kwa hiyo omba stakabadhi, na hakikisha swali lako limeandikwa kwenye muhtasari. Mtendaji wa kijiji akikwepa kuitisha mkutano, andikeni barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, mbaki na nakala yenu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiende peke yako, dada. Nendeni watano au sita, na akina mama wawemo.