Barua kwa mwanangu: wakitawala kwa jina la Mungu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma, nikaona nisikujibu kwa simu, maana jambo lenyewe ni refu na kwenye simu tunakatizana. Umeuliza: nchi iliyozoea kuchagua viongozi wake ikija kutawaliwa na watu wanaodai wanamsemea Mungu, raia wa kawaida afanye nini? Apigane, akimbie, au afuate ule usemi wa mwenye nguvu mpishe? Ukaongeza kwamba mjomba wako anaona hilo lingekuwa jambo jema, kwa sababu wacha Mungu hawaibi, na mkakwaruzana hadi ukamkatia simu.

Ninaloliona mimi ni kwamba raia asiwaachie watawala hao dini. Wakishaachiwa iwe mali yao, kila anayewapinga atahesabiwa kuwa anampinga Mungu, na jirani yako mcha Mungu, ambaye moyoni hapendi anayoyaona, atakaa upande wao kwa hofu ya kukufuru. Unanijua, mimi sikosi ibada. Ndiyo maana nasema hivi bila kuona haya: waliowanyima usingizi watawala wa aina hiyo, mara nyingi walikuwa watu wa dini hasa.

Tazama Sudan. Septemba 1983, Rais Jaafar Nimeiri, mwanajeshi aliyeingia Ikulu kwa mapinduzi, alitangaza sheria alizoziita za Kiislamu. Mikono ikaanza kukatwa, na iliyokatwa zaidi ni ya maskini. Mwalimu mmoja wa dini, Mahmoud Mohamed Taha, mzee wa zaidi ya miaka 70, akatoa kikaratasi mwishoni mwa 1984 akitaka sheria zile zifutwe, kwa hoja kwamba zinauchafua Uislamu wenyewe na kuigawa nchi. Wakamshitaki, wakasema ameritadi, yaani ameuacha Uislamu, wakamnyonga tarehe 18 Januari 1985. Hata miezi mitatu haikutimia. Madaktari, wanasheria na wahandisi waligoma, watu wakajaa barabarani, na 6 Aprili jeshi likamng'oa Nimeiri akiwa safarini nje ya nchi. Sisemi kifo cha mzee yule ndicho kilichomwangusha; njaa na bei ya mkate vilikuwa vimeshawachosha watu. Lakini pazia la utakatifu lilikuwa limepasuka, na aliyelipasua ni mtu wa sala. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo hiyo iliibatilisha hukumu yake.

Iran nako kulikuwa na Ayatollah Hossein Ali Montazeri, aliyekwisha kuteuliwa kumrithi Khomeini, kiongozi mkuu wa nchi. Mwaka 1988 wafungwa wa kisiasa walipouawa kwa maelfu, aliandika barua kupinga. Angenyamaza miezi michache tu, nchi nzima ingekuwa mikononi mwake. Hakunyamaza, na mwaka uliofuata akavuliwa urithi, baadaye akafungiwa nyumbani kwake miaka kadhaa.

Kwa hiyo ukimwona kiongozi wa dini anayekataa kutumiwa, usimdharau kwa sababu ya joho lake. Huyo anaweza kusema maneno ambayo wewe ukiyasema utaitwa kafiri kabla hujamaliza sentensi.

Sasa, lini mtu aanze? Mapema, wakati jambo bado linaonekana dogo. Iran haikuwa demokrasia kabla ya 1979, ilikuwa ya mfalme, lakini ngazi waliyopandia viongozi wa dini inafaa kuangaliwa kipandio kwa kipandio. Mwishoni mwa Machi 1979 watu waliitwa kwenye kura ya maoni. Karatasi ilikuwa na sehemu ya kijani ya Ndiyo na nyekundu ya Hapana, na swali moja tu: Jamhuri ya Kiislamu, unaitaka au huitaki? Katiba haikuwepo. Watu walipigia kura jina. Ndiyo ikatangazwa kupata zaidi ya asilimia 98. Miezi mitatu hivi baadaye rasimu ikatolewa, na ndani yake hakukuwa na mwanazuoni anayekaa juu ya wote. Kipengele hicho kilitiwa baadaye, na baraza la kuipitia katiba lililojaa viongozi wa dini. Aliyesema Ndiyo mwezi Machi alijikuta Desemba akiletewa katiba nzima yenye mamlaka ambayo kura ile ya kwanza haikuyataja kabisa.

Tena kulikuwa na kengele iliyolia mapema zaidi. Tarehe 8 Machi mwaka ule ule, kabla hata ya kura hiyo, wanawake wa Tehran waliandamana kwa siku kadhaa kupinga kulazimishwa hijabu. Serikali ikarudi nyuma kidogo, ikisema ilikuwa nasaha tu. Wanaume wengi wa vyama vya mabadiliko, waliojiita watetezi wa wanyonge, wakawaambia kina mama wale kwamba huo si wakati wake, wasiwagawe watu. (Huo wakati wake huwa haufiki, mwanangu, umri huu nimeshalijua hilo.) Mwaka 1980 sharti likaingia maofisini, 1983 likawa sheria yenye adhabu ya viboko, na vyama vile vilivyonyamaza navyo vikapigwa marufuku kimoja kimoja. Ndiyo maana nakwambia: wa kwanza kuguswa, awe mwanamke, awe wa dhehebu dogo, awe asiye na dini kabisa, simama naye hata kama maisha yake huyapendi.

Utaniuliza, wakishakaa vizuri, je? Hapo niseme kama mtu aliyestaafia masijala. Amri ikitoka juu ni maneno tu. Ili imguse mtu, lazima kuwe na mkono wa kuandika waraka, mkono wa kufungua jalada, mkono wa kugonga mhuri, mwalimu wa kusoma orodha, daktari wa kusaini cheti. Utawala wa namna hiyo unaishi kwa utii wa watu wa chini, na unaishi vizuri zaidi kwa wale wanaotii kabla hawajaamriwa. Mtumishi ambaye hana ubavu wa kujiuzulu bado ana mengi. Adai amri iandikwe na isainiwe. Fomu ikiwa na nafasi ya kujaza dini na sheria haimlazimu mtu, asimlazimishe yeye. Jalada lifuate ngazi zake zote, hata kama litachelewa. Asitaje jina ambalo hakuulizwa. Nakala za sheria za zamani na hukumu za mahakama zisichomwe, maana siku ya kurekebisha watu watazitafuta. Mmoja akifanya hivyo atahamishwa. Wakifanya wengi, chini ya chama chao cha wafanyakazi au cha taaluma, mambo huanza kukwama. Huko huko Sudan, mwanajeshi Omar al-Bashir alipoipindua serikali iliyochaguliwa Juni 1989, akishirikiana na wanaharakati wa dini, alipiga marufuku vyama vya siasa, na vyama vya wafanyakazi navyo pia. Alijua kilichomtoa Nimeiri. Ikachukua miaka 30, na waliokuja kuongoza maandamano yaliyomwondoa Aprili 2019 walikuwa tena madaktari, walimu na wanasheria. Yaliyoifuata Sudan, mapinduzi mengine na vita, nayajua. Sikudanganyi kwamba kumwondoa mtu ni kumaliza kazi.

Wengine hawawezi kuandamana, na hao nao wanafanya kazi. Kule Herat, Afghanistan, Taliban walipotawala mara ya kwanza, kulikuwa na shule ya cherehani ya wanawake. Ushonaji ulikuwa umeruhusiwa. Waliingia wamebeba mifuko yenye vitambaa na mikasi, na chini ya vitambaa madaftari na kalamu. Ndani profesa wa chuo kikuu aliwafundisha fasihi, huku watoto wakicheza nje ili watoe ishara askari wa maadili wakitokea. Hawakuiangusha serikali. Ila zama zile zilipopita mwaka 2001, kulikuwa na wanawake waliokuwa hawajaacha kusoma.

Kuhusu kura, wanaotawala kwa jina la Mungu mara nyingi hawaifuti, huichuja. Uchaguzi wa rais wa Iran mwaka 2021 walijiandikisha watu 592, na Baraza la Walinzi, chombo kinachochuja wagombea, likawapitisha 7. Zaidi ya nusu ya wapiga kura walibaki nyumbani, na kura zilizoharibika zilikuwa nyingi kuliko za aliyeshika nafasi ya pili. Nayo ni sauti, ingawa hafifu, na sidhani mtu anapaswa kuishia hapo.

Bunduki siitaki. Si kwa woga. Watawala hao huwa wanaingoja. Tehran, Juni 1981, bomu liliua viongozi zaidi ya 70 wa chama tawala kwa mpigo mmoja, na lililofuata ni wimbi la kuwaua wafungwa, wengine vijana waliokamatwa wakiwa na magazeti tu. Na kukimbia? Mwenye jina lake kwenye orodha na aende, wala asiitwe msaliti. Ila anayeondoka asiwapangie waliobaki ushujaa wa kuonyesha.

Mimi nadhani nisingeondoka, kwa sababu tu ya umri na magoti haya.

Sasa mjomba wako. Alichokisema kina shina lake: ameibiwa na watu walioapa kwa katiba, kesi yake imelala mahakamani miaka, na anaona kheri mtu anayemwogopa Mungu. Ukimwita mjinga umempeleka kwao mwenyewe. Wanaomtaka hawatamwita mjinga, watamwita ndugu. Mpigie, mwamkie, muombe radhi kwa kukata simu, kisha umuulize taratibu: huyo mcha Mungu akianza kuiba, nani atamshitaki, na mbele ya hakimu aliyeteuliwa na nani? Akikosea, atatolewaje? Na kati ya madhehebu yote yaliyopo, hata humu ndani ya ukoo wetu, ni la nani litakaloandikwa kuwa ndilo la Mungu? Mjomba wako si mtu wa kubishana na swali lililoulizwa kwa heshima. Atanyamaza, halafu atakupigia mwenyewe baada ya siku mbili, na hatakubali kwamba umeshinda. Usimlazimishe akubali.

Nisalimie wote huko.

Mama yako