Kaka akiugua skizofrenia, wewe usijihukumu

Kaka yangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo. Alianza kusikia sauti akiwa na miaka 22. Nyumbani wazee wakazungumzia mizimu. Mimi nilikuwa na hofu yangu niliyoificha: je, na mimi inanijia? Wakati huohuo dada alikuwa amechumbiwa, na mshenga akaanza kuulizia mtaani kama ukoo wetu una wendawazimu.

Nilimwomba daktari wa magonjwa ya akili anipime damu nijue moja. Akaniambia kipimo hicho hakipo, wala picha ya ubongo haisemi nani ataugua. Skizofrenia hutambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa na watu wanaoishi naye. Damu hupimwa ili kuhakikisha si maradhi mengine yanayofanana nayo.

Alama za kimwili zipo, ila zisikutishe. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Philip Holzman na wenzake huko Marekani waligundua kwamba macho ya wagonjwa wengi hushindwa kufuata kwa utulivu kitu kinachosogea, hurukaruka. Kisha wakayakuta hayohayo kwa ndugu zao wengi, watu wazima kabisa wasioumwa lolote. Fikiria hilo vizuri: alama unaweza kuwa nayo, ugonjwa usiupate maishani. Upande wa jeni, yaani vinasaba tunavyorithi kwa wazazi, utafiti mkubwa wa mwaka 2022 ulibaini maeneo 287 ya vinasaba yanayohusishwa na ugonjwa huu, na karibu kila moja lina mchango mdogo sana.

Hesabu iliyonipa usingizi ni hii: katika watu 100, takriban mmoja huugua. Kwa ndugu wa mgonjwa, wa baba na mama mmoja, ni kama 9 au 10. Imeongezeka, ndiyo, lakini waliobaki 90 hawaugui. Hata pacha wa kufanana, mmoja anaweza kuugua na mwenzake asiugue kamwe.

Kwa hiyo kama ugonjwa huu upo kwenu, bangi usiiguse, hasa ukiwa kijana, maana huongeza hatari ya kuugua. Hapo sina mjadala. Na mdogo wako akianza kujitenga, kukesha na kushuku kila mtu, mpeleke hospitali wiki hiyohiyo. Sisi tulizunguka kwa waganga miezi minane, na bado inaniuma.

Dada hakumsubiri mshenga. Alimweleza mchumba wake mwenyewe, kisha wakafuatana na kaka siku yake ya kliniki. Shemeji alimwuliza daktari maswali kuliko sisi sote.