Je, Tuache Mitumba kwa Ajili ya Hewa Ukaa?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Ilala, Dar es Salaam, na nguo zetu karibu zote nazinunua mitumbani, soko la Karume. Binti yangu amefundishwa shuleni kwamba meli zinazoleta marobota hayo hutoa hewa ukaa, ile gesi inayoongeza joto duniani, naye ananihimiza tununue nguo mpya za dukani. Je, yu sahihi?

JIBU: Dada msomaji, tunampongeza binti yako kwa kujali jambo ambalo watu wazima wengi hulipuuza. Hata hivyo, nguo mpya nyingi za madukani kwetu nazo huletwa kwa meli, na safari hiyo, ukiigawa kwa uzito wa shati moja, huchangia kidogo tu. Mzigo mkubwa uko kiwandani, ambako nyuzi husokotwa, kitambaa hufumwa na kutiwa rangi kwa maji ya moto, mara nyingi kwa nishati ya makaa ya mawe. Kampuni ya Levi Strauss ilipoichunguza suruali yake moja ya jinzi mwaka 2015, tangu shamba la pamba hadi inapotupwa, ilipata takribani kilo 33 za hewa ukaa, na zaidi ya theluthi yake ilitokana na ufuaji na ukaushaji wa nyumbani, kazi ambayo wewe unaimaliza kwa beseni, maji baridi na kamba ya kuanikia.

Kwa hiyo endelea na Karume, ila uchague kwa makini, kwa sababu nguo inayochanika baada ya miezi miwili huishia dampo au kuchomwa moto, na ikiwa ni ya poliesta, ambayo hutokana na mafuta ya petroli, haiozi kama pamba. Igeuze ndani nje, uvute mshono taratibu kwa vidole gumba viwili, kisha uinyanyue kwenye mwanga: ukiona uzi unaachia au kitambaa kimekonda makwapani, irudishe hata kama bei ni ya kutupa. Shati zuri lililolika kola usilitupe, kwani fundi cherehani anaweza kuifumua kola hiyo, akaigeuza upande wa chini ukaja juu na kuishona upya.

Pasi ya mkaa nayo ina gharama yake, maana mkaa ni miti iliyokatwa. Ni afadhali kunyoosha nguo za wiki nzima kwa moto mmoja kuliko kuiwasha kila alfajiri kwa ajili ya shati moja.

Mahali ambapo binti yako ana haki ya kupata nguo mpya ni sare ya shule. Hapo mwambie fundi aache upindo wa vidole vinne kwenye sketi, ili ufumuliwe kila anaporefuka, na mdogo wake aje kuirithi ikiwa bado imara.