Sahani ya plau iliyochakaa: inatoa kisu, au panga tu?

Mkuu, umeuliza kwa nini kisu cha jikoni ulichokitoa kwenye sahani ya plau la trekta kinakuwa butu mapema hata ukikinoa vizuri, na kama kosa liko kwenye matiko, yaani kukikaza kwa kukipasha moto na kukizamisha. Inawezekana kabisa moto wako haukuwa na tatizo. Sahani nyingi za siku hizi ni chuma cha boroni chenye kaboni asilimia 0.25 hadi 0.35 hivi. Boroni hufanya chuma kikaze hadi ndani, na kaboni yake ndogo ndiyo inaisaidia sahani igonge mawe na visiki bila kupasuka. Ila ugumu wa makali unatoka kwenye kaboni, na kisu cha jikoni kinataka kuanzia asilimia 0.6. Zipo sahani, hasa za zamani, zenye kaboni ya kutosha, lakini kwa macho huzitofautishi, na muuza vyuma chakavu naye hajui. Usibebe tano kabla hujajaribu moja.

Kata kipande cha upana wa sm 2 na urefu wa sm 10. Kipashe moto hadi sumaku isikishike (karibu nyuzi 770), ongeza moto kidogo tu, kisha kizamishe kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60. Kisugue utando mweusi utoke, upitishe tupa mpya. Tupa ikiteleza bila kung'ata, hicho ni chuma cha kisu. Iking'ata, rudia kwa maji. Iking'ata hata baada ya maji, tengeneza panga au jembe, achana na kisu. Ikiteleza kwenye maji tu, kisu kinawezekana, lakini maji hupasua bapa nyembamba, kwa hiyo acha makali manene zaidi kabla ya kuzamisha.

Kile kilichokaza kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa kitambaa, vaa miwani, kivunje. Chembe za ndani zikiwa laini za kijivu, uko sawa. Zikionekana kama sukari, moto ulizidi, usilaumu chuma.

Kuna jambo wengi hawalipigii hesabu: mbonyeo, yaani sahani ilivyojipinda kama bakuli. Sahani ya kipenyo cha sm 66 yenye kina cha sm 9 ikikatwa kipande cha sm 30, katikati kinapinda karibu mm 17. Cha sm 15 kinapinda kama mm 4. Huwezi kuumaliza mpindo huo kwa grenda, lazima ukinyooshe kwa nyundo kikiwa chekundu. Kukigonga kikiwa baridi ni kujitafutia nyufa. Na kikishapata moto, ugumu wa kiwandani umekwisha, hivyo hata panga la boroni utalitia matiko upya, kwa maji.

Kwa kisu, mimi ningeanza na springi bapa za trela. Nyingi zina kaboni karibu asilimia 0.6 na kromiamu kidogo, na zinakaza kwa mafuta. Ubaya wake ni nyufa za uchovu, hasa karibu na tundu la boliti la katikati. Safisha pahala hapo, paka mafuta ya taa, subiri, futa pakauke, kisha paka chaki. Penye ufa mafuta yatachuruzika na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Kata sehemu hiyo uitupe. Visu vya pembetatu vya mashine ya kuvunia vinafaa visu vidogo tu, na vingi vimekazwa pembeni pekee. Ekseli na boliti ziache.

Ukishafua, pasha hadi sumaku iachie na uache kipoe hewani mara tatu, chembe zirudi kuwa ndogo. Toboa matundu ya ribiti za mpini sasa, kabla ya kukaza. Makali yabaki na unene wa mm 1.5, yakiwa membamba zaidi yatapinda au kupasuka. Zamisha kwa ncha, usogeze mbele na nyuma kufuata urefu, kamwe si kuyumbisha ubavuni. Lita nne au tano za mafuta kwenye debe refu lenye mfuniko zinatosha. Oili chakavu ya injini iache, moshi wake ni sumu na uchafu unabaki kwenye chuma. Chenye zinki au rangi usikitie motoni kabla ya kuviondoa.

Usilale kabla ya kukirudisha moto, yaani kukipasha tena kwa moto mdogo ili kisivunjike ovyo. Kwenye oveni ni nyuzi 200 hadi 220, saa moja, mara mbili. Huna oveni? Kisugue bapa ling'ae, pasha kipande kinene cha chuma hadi kiwe chekundu, weka mgongo wa kisu juu yake. Rangi zitatembea kutoka mgongoni: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Njano ikifika kwenye makali, kitie kisu maji mara moja. Buluu ikifika huko, anza tena kukaza.

Rangi hiyohiyo iangalie wakati wa kumalizia kwa grenda: makali yakigeuka buluu, pale pamelegea, na kunoa hakurudishi ugumu. Chovya majini kila baada ya pasi mbili, tatu, na ukiweza malizia kwa kinoo cha mkono.