Namba "tasa" imekosa nini?

SWALI: Mwanangu wa darasa la sita kanionyesha 2147483647, akasema ni namba tasa. Tasa si asiyezaa? Mbona 7 inazaa 14, 21 na 28? Si afadhali tuseme "namba isiyogawanyika"? (Mama wa watoto watatu, Majengo, Moshi)

JIBU: Mama, uzao umeutafuta upande usiohusika. 14, 21 na 28 ni vigawe vya 7, na vigawe kila namba inavyo bila kikomo, hata hizo tasa. Utasa huangaliwa kwenye vigawo, yaani namba zinazoigawa bila kubakiza. Tofauti ni herufi moja, e na o, nayo ndiyo inayowaponza watoto kwenye KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) na KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika).

Nenda soko la Kiboriloni. Muuzaji mwenye parachichi 12 atapanga mafungu sawa ya mbilimbili, tatutatu, nnenne au sitasita. Mwongezee moja ziwe 13, uone anavyohangaika: kila akipanga, kuna zinazobaki mkononi. Ama auze mojamoja, ama lundo zima. 13 haikuzaa fungu, ikaitwa tasa, kama ng'ombe tasa anavyokaa zizini bila ndama.

"Isiyogawanyika" siipendi. 13 gawa kwa 2 ni 6 baki 1, na hilo moja likipitishiwa kisu kila mtu anapata nusu yake. Imegawanyika, sivyo? Neno hilo pia lingetuingizia 1, ambayo si tasa: kigawo chake ni kimoja tu, na tasa inataka viwili kamili, 1 na yenyewe.

Hiyo ya mwanao ni mbili kwa kipeo cha 31, yaani mbili 31 zikizidishwa pamoja, toa moja. (Kipeo, si kipeuo. Kipeuo ni safari ya kurudi: kipeuo cha pili cha 49 ni 7.) Mwanahisabati Leonhard Euler aliithibitisha kuwa tasa mwaka 1772, bila kikokotoo. Kipeuo chake cha pili ni 46340 na ushei, na vigawo huja kwa jozi, mmoja mdogo na mwenzake mkubwa. Ukijaribu kugawa kwa 2, 3 na kuendelea, ukafika hapo hujaona mdogo, hata huyo mkubwa hayupo. Ila mwanao asidhani kila namba ya umbo hilo ni tasa. Mbili kwa kipeo cha 11, toa moja, ni 2047, yaani 23 mara 89.

Akiisoma kwa sauti: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba. Namba ni moja, tarakimu ni 10. Hata watangazaji huchanganya.

Na wingi usikusumbue. Tasa haibebi kiambishi: mtu tasa, watu tasa, namba tasa moja, namba tasa mia.