Maiki za waigizaji zinakatakata kwenye shoo
Pole ndugu, umetupwa kwenye kazi ya saundi wiki moja kabla ya shoo, maiki zinakatakata waigizaji wakianza kucheza na spika zinanguruma, yamenikuta hayo. Kukatika mara nyingi ni jasho. Ile transmita ya kiunoni, kile kiboksi kinachorusha sauti ya maiki bila waya, ivishe kondomu isiyo na mafuta, usicheke ndo tunavyofanya, na waya upige kakitanzi karibu na maiki ili jasho lidondokee hapo lisiingie ndani, antena isikunjwe, betri mpya kila shoo hata kama zinaonyesha nusu. Weka maiki ya akiba pembeni ya jukwaa. Ila mngurumo usijaribu kuuondoa kwa kukata waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini, mtu atapigwa shoti, hapo ita fundi umeme.